Risala ya Wavuvi, Waanikaji wa Dagaa na Wakulima wa Kirando Kuhusu Ziwa Linalopata Joto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,



Umeteremka kutoka Namanyere, barabara umeiona na ziwa umeliona, kwa hiyo hatutakuchosha kwa kukueleza tulipo. Risala hii ni ya wavuvi, wenye mitumbwi, wanawake wanaoanika na kuuza dagaa, na wakulima wa mwambao. Hoja yetu ni moja. Taifa letu limeamua kuyakabili mabadiliko ya tabianchi, nasi tunaliunga mkono. Lakini katika Ziwa Tanganyika, hatua iliyotufikia sisi mlangoni ni ya kufunga ziwa, na gharama yake imebebwa na kaya ambazo hazikuhusika na kulitia joto ziwa hili. Tunadai gharama hiyo igawanywe.

Mheshimiwa, turuhusu tuanze na ziwa lenyewe, maana asiyejua linavyofanya kazi atadhani tumekuja kuomba posho.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani kote linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Maji ya juu hupata jua na hewa. Ukishapita mita mia moja au mia mbili kwenda chini, oksijeni hakuna, na samaki hawaishi huko. Lakini huko chini ndiko kunakozama rutuba yote: mabaki ya samaki, majani, na kila kinachokufa juu. Dagaa hula vijidudu vya majini, vijidudu hula vijimea, na vijimea havioti mpaka rutuba ile ipande ikutane na jua. Kinachoipandisha ni upepo. Kati ya Mei na Septemba kusi huvuma na kuyasukuma maji ya juu kuelekea Kigoma na Bujumbura, na huku kwetu kusini maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yaliyoiacha. Wazee wetu hawakusoma habari hizi mahali popote, lakini walijua kwamba kusi likivuma sawasawa, ziwa halimnyimi mtu.

Sasa maji ya juu yamepata joto kupita kiasi. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu na hayataki kuchanganyika na ya chini. Ni kama chungu cha uji kilichoachwa bila mwiko: uzito wote unabaki chini, na anayechota juu anapata maji. Kusi bado linavuma, lakini kazi liliyokuwa linaimaliza imeanza kulishinda.

Haya si maneno ya mwalo. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature kwamba uoto wa vijimea katika ziwa hili ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 20, na kwamba upungufu huo unaweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake, waliosoma matope ya chini ya ziwa, walionyesha kuwa joto la maji ya juu lilikuwa halijawahi kufikiwa katika miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ikaeleza kwamba kupungua kwa samaki kulianza hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuingia katika ziwa hili katikati ya karne iliyopita. Tunaomba sentensi hiyo ya mwisho isomwe mara mbili katika kila ofisi inayotunga kanuni za uvuvi. Samaki walianza kupungua wakati babu zetu wanavua kwa mitumbwi ya gogo na mienge ya nyasi.

Hatusemi kwamba uvuvi hauna mchango. Kokoro zipo, nyavu za macho madogo zipo, na idadi ya watu mwaloni imeongezeka kila mwaka. Taa za karabai zimeondoka, zimekuja taa za sola zinazomulika mbali zaidi kwa gharama ndogo. Ziwa lililochoka kwa joto linahitaji kuvuliwa kwa adabu kuliko lile la zamani, na ndiyo maana vikundi vyetu vya usimamizi wa mialo (BMU) havikupinga ziwa kufungwa. Tunachokataa ni kuambiwa kwamba mvuvi ndiye ugonjwa na kumfungia ndiyo dawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa mujibu wa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Miezi mitatu. Kwenye karatasi ni miezi mitatu kati ya kumi na miwili, robo ya mwaka. Kwa mwanamke anayeanika dagaa Kirando si robo, na hapa tunaomba utuvumilie, kwa sababu jambo hili halijasemwa popote tunapojua na ndilo linalotuuma kuliko yote.

Dagaa hushuka alfajiri. Mama amenunua kwa beseni pale pale mtumbwi unapogusa mchanga, mara nyingi kwa fedha aliyokopa jana yake. Anabeba kichwani hadi mahali pa kuanikia, anamwaga, anawatandaza kwa mikono mpaka kila dagaa apate nafasi yake, kisha anakaa nao. Jua likiwa kali, saa nne anawageuza, na jioni wanavunjika wakikunjwa kidoleni: hao wamekauka, na watafika Sumbawanga, Mbeya, Tunduma na kuvuka hadi Zambia wakiwa salama. Jua likikosekana, au mvua ikapiga saa nane mchana, wanalainika, wanabadilika rangi kuwa wekundu, wanatoa harufu. Kesho yake mnunuzi anapita, anachota kiganja, ananusa, anasema hawa ni wa kuku. Bei ya dagaa wa kuku hailipi hata lile beseni.

Kwa hiyo dagaa wa mvua na dagaa wa kiangazi si biashara moja. Huku kwetu Ufipa mvua huanza Novemba na kukatika Aprili. Kiangazi cha kuanikia ni Mei mpaka Oktoba, miezi sita. Ziwa likifungwa Mei 15 hadi Agosti 15, mama huyu amenyang'anywa nusu ya miezi yake ya jua, akaachiwa miezi yote ya mvua. Mvuvi anaweza kusema amepoteza robo ya mwaka. Mwanikaji amepoteza nusu ya kipato kinachomlipa, tena ile nusu yenye mavuno.

Maana kuna na mahindi. Juu huko kwenye uwanda, Chala, Namanyere, Laela, mahindi huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Hapo ndipo debe linapokuwa rahisi kuliko wakati wowote. Tangu enzi za bibi zetu, watu wa mwambao hupanda na dagaa na kuteremka na mahindi. Dagaa hawa ndiyo mboga ya Mfipa wa uwandani, na mahindi yale ndiyo ugali wetu wa mwaka mzima, kwa kuwa miteremko yetu ni ya mihogo na haitoi mahindi ya kututosha. Ziwa likifungwa katika miezi hiyo hiyo, mwanamke wa Kirando hana cha kupanda nacho. Anakuja kununua mahindi Desemba na Januari, bei ikiwa juu, kwa fedha ya dagaa wa mvua. Watoto wa uwandani nao wanakula ugali kwa chumvi katika msimu ambao walizoea kula vizuri. Hatudhani kwamba aliyepanga tarehe hizi alikusudia hivyo. Tunadhani hakumwuliza mwanamke hata mmoja.

Tunajua sababu iliyotolewa: samaki wapate kuzaliana na kukua. Ni sababu nzuri. Lakini ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, na kusi halifanyi kazi ile ile Kasanga na Kigoma kwa wakati mmoja. Huku kusini miezi ya Mei hadi Septemba ndipo maji ya chini yanapopanda. Kaskazini hali ni nyingine. Je, tarehe moja kwa ziwa zima ndiyo inayowafaa dagaa wa pande zote? Labda ndiyo. Basi tuonyeshwe. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo chake Kigoma, na wataalamu wake tunawaheshimu. Tunadai kuwe na kituo cha kudumu cha kupima joto la maji, upepo na samaki katika mwambao wa wilaya yetu ya Nkasi, hapa au Kipili, na vijana wetu wafundishwe kuchukua vipimo hivyo. Kanuni ya kufunga ziwa la kusini itokane na vipimo vya ziwa la kusini, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya vijiji.

Kuna jambo la pili, la maji kupanda. Katika miaka ya karibuni, hasa tangu mvua kubwa za 2019 na 2020, na tena mwaka 2024, ziwa limepanda kila upande. Bujumbura mitaa ya kando ya ziwa ilizama, Kigoma miundombinu ya bandari ikaathirika, na Burundi, nchi ndogo kuliko zote nne, ikajikuta na maelfu ya watu wasio na makazi. Huku kwetu maji yamekula ule mchanga wa kuanikia. Mahali ambapo akina mama walitandaza dagaa sasa pamefunikwa, na wanaanika kwenye vichochoro na kando ya barabara, ambako kila pikipiki inayopita inaacha vumbi juu ya chakula cha watu.

Tunataka kuwa wakweli katika hili. Ziwa limewahi kupanda kabla ya moshi wa viwanda. Miaka ya 1870, Cameron na Stanley walipofika kwa zamu, mdomo wa mto Lukuga upande wa Kongo ulikuwa umezibwa na mchanga na magugu, na maji yalikuwa juu mno. Karibu na mwaka 1878 yakaupasua na ziwa likashuka kwa mita nyingi. Mwaka 1964 lilipanda tena, na wazee wetu wenye umri wa miaka sabini na kuendelea wanaikumbuka mipaka yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kila tone la ziada limeletwa na tabianchi. Tunasema kwamba mvua za sasa zinakuja kwa fujo, kwamba Lukuga ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa lote, na kwamba anayekaa Kirando hana sauti juu ya mlango huo ulioko Kalemie. Sauti hiyo anayo Mtanzania mwenye wadhifa. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, ukazaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Tunaomba wajumbe wetu katika Mamlaka hiyo walifanye suala la Lukuga kuwa ajenda ya kudumu na watupe taarifa.

Na hapo hapo lipo swali la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tunaikubali shabaha yake. Lakini ukingo umehama. Nyumba iliyojengwa kihalali, mbali na maji, leo imo ndani ya mita 60 bila mwenye nyumba kusogea hata hatua moja. Je, mita zile zinapimwa kuanzia wapi: maji yalipokuwa, yalipo leo, au yatakapofika? Wapo jirani zetu walioambiwa kwa mdomo kwamba wao ni wavamizi. Mtu aliyefuatwa na ziwa si mvamizi. Tunadai mstari upimwe upya kwa kuzingatia historia ya maji, uwekewe alama zinazoonekana, na wanaopaswa kuhama wapewe viwanja na msaada wa kujenga kabla ya kuambiwa wabomoe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ipo. Kupanda kwa ziwa ni maafa yanayokuja polepole, na upole huo usitumike kuyafanya yasiwe maafa.

Mheshimiwa, tumeyasema haya ya nyumbani. Sasa turuhusu tuyaweke mbele ya dunia, maana joto halikuanzia hapa.

Nchi za kundi la G20 ndizo zinazotoa takribani robo tatu ya hewa ukaa inayotolewa duniani kila mwaka. Fungu la Tanzania ni dogo mno, na fungu la mwambao wa Nkasi, wenye mashine chache za boti na mafiga ya kuni, halipimiki. Hata hivyo Tanzania, katika mchango wake wa kitaifa wa mwaka 2021, iliahidi kupunguza uzalishaji wake kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030 ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua. Mwaka 2024 tukazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni ahadi za nchi inayojiheshimu. Lakini nchi inayojiheshimu hudai pia haki yake.

Mwaka 2022, kule Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zinazoumizwa na tabianchi. Mwaka 2023, Dubai, mfuko ukawekwa tayari kufanya kazi. Mwaka 2024, Baku, nchi tajiri zikaahidi kuongoza kupatikana kwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, kiasi ambacho nchi nyingi maskini zilikilalamikia palepale kuwa hakitoshi. Hapa Kirando hatujaona mtu aliyekuja kuuliza: miezi mitatu ya kufungwa kwa ziwa ni hasara kiasi gani kwa kijiji chenu? Bila takwimu hiyo hakuna andiko, na bila andiko hakuna fedha. Tunaomba hasara hiyo ihesabiwe, mwalo kwa mwalo, pamoja na ya wanawake wasiomiliki mtumbwi na wasiomo kwenye leseni yoyote, na iwemo katika maombi ya Tanzania kwa mfuko huo.

Kuna watakaosema sisi ni wadogo, tutasikika wapi. Vanuatu ni visiwa katika Bahari ya Pasifiki, na watu wake wote hawafiki laki nne, wakati mkoa wetu wa Rukwa peke yake, kwa sensa ya 2022, una zaidi ya milioni moja na nusu. Wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianza na wazo mwaka 2019. Serikali ya Vanuatu ikalibeba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha Machi 2023, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ikatoa maoni yake: mataifa yana wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa tabianchi, na anayekiuka anaweza kuwajibika, hata kulipa fidia. Mwaka huo huo wa 2025 wanasheria wa Afrika walipeleka ombi la maoni juu ya jambo kama hilo kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha, katika ardhi yetu. Tunaiomba Serikali ya Jamhuri ya Muungano isikae pembeni katika shauri hilo. Ipeleke hoja zake, na ndani ya hoja hizo ziwepo habari za Ziwa Tanganyika.

Sasa tunakuja kwenye yale yaliyo ndani ya uwezo wa wilaya, mkoa na wizara, yasiyosubiri mahakama wala mkutano wa dunia.

La kwanza kwa uzito ni chanja za kuanikia na vikaushio vya jua. Ikiwa ziwa lazima lifungwe wakati wa kiangazi, basi wanawake wasaidiwe kukausha wakati wa mvua. Chanja za waya zilizoinuliwa juu ya ardhi zinaondoa mchanga kwenye dagaa, na kikaushio chenye paa la nailoni angavu kinaendelea kukausha hata mawingu yakitanda. Si teknolojia ya ajabu. Fundi wa hapa anaweza kuijenga akipewa waya, mbao na nailoni. Tunataka kila mwalo mkubwa wa Nkasi uwe nazo kabla ya mvua zijazo, katika eneo la juu lililopimwa kwa ajili hiyo, likimilikiwa na vikundi vya akina mama vyenyewe na si na mtu mmoja mwenye fedha atakayewakodishia.

Pili, mikopo. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, imewasaidia baadhi yetu. Lakini marejesho hayafungwi ziwa linapofungwa. Wapo waliouza mashine ya boti, wapo waliouza kitanda, ili kulipa rejesho la Julai wakati hawaruhusiwi kugusa maji. Tunadai miezi ya kufungwa isihesabiwe katika ratiba ya marejesho, kwa mikopo ya halmashauri na kwa taasisi nyingine zinazokopesha wavuvi, na hilo liandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Vilevile kaya zinazotegemea mwalo ziingizwe katika ajira za muda za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) katika miezi hiyo: kupanda miti kwenye miteremko, kutengeneza njia za maji, kujenga hizo chanja.

Kuhusu vizimba vya kufugia samaki. Serikali ilisema wavuvi watawezeshwa kufuga samaki, na wengine wetu wako tayari kujaribu. Ila tuna hofu mbili. Huku kwetu kusi linapiga, mawimbi ni makubwa, na kizimba kinachofaa ghuba tulivu ya Mwanza hakijathibitishwa kwamba kitahimili Kirando. Hofu ya pili ni kubwa zaidi. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Ziwa Victoria liliwapoteza wengi wa kwake baada ya kuletewa sangara. Tunadai samaki watakaofugwa wawe wa ziwa hili hili, na vifaranga vizalishwe hapa mkoani chini ya uangalizi wa wataalamu. Asiletwe mgeni.

Usalama majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo na mawimbi, lakini mvuvi aliye mwaloni saa kumi na moja jioni hana habari nayo. Tunaomba jambo dogo: redio ya mawasiliano na mlingoti wa bendera katika kila mwalo, na mtu wa BMU aliyefundishwa. Bendera nyekundu ikipanda, hakuna anayetoka. Na doria ya nchi nne iwe ya kweli, kwa kuwa wanaoporwa mashine na nyavu kwa bunduki katikati ya ziwa ni wale wale wanaotii sheria.

Misitu. Wenzetu wa vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, wanapata mapato kwa kutunza misitu yao kupitia biashara ya kaboni, na yamejenga zahanati na madarasa. Kanuni za biashara hiyo zilitolewa mwaka 2022. Nkasi tunayo misitu, na miteremko inayoanguka ziwani ikibaki uchi inatuletea tope kwenye mazalia ya samaki. Tunaomba vijiji vyetu vipimiwe misitu na kusaidiwa kuingia katika mpango kama huo, kwa sharti kwamba mikataba iandikwe kwa Kiswahili, isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na hakuna kijiji kitakachosaini kabla ya kupata mwanasheria wa kukisomea upande wake.

Mwisho, kabla ya ziwa kufungwa tena, tushirikishwe. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Tarehe za kufunga zitangazwe mapema kiasi kwamba mtu asikope kununua wavu mpya Aprili. Katika kikao cha kuzipanga wawepo wavuvi wa mwambao wa Rukwa, na angalau nusu ya wawakilishi hao wawe wanawake waanikaji. Kama utafiti wa kituo tunachokiomba utaonyesha kwamba miezi mingine inafaa huku kusini, au kwamba kufunga maeneo ya mazalia kunatosha badala ya kufunga ziwa zima, basi kanuni ibadilishwe bila kuona aibu. Nasi kwa upande wetu tutaendelea kukamata kokoro, hata ikiwa ya ndugu, na kuheshimu kila siku ya kufungwa itakayowekwa kwa utaratibu huu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala ya risala hii tumekukabidhi, nyingine tumemkabidhi Mkuu wa Wilaya, na nyingine itakwenda kwa Mbunge na kwa Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira. Tunaomba majibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji na kusomwa mwaloni kwa sauti, kwa kuwa wengi wanaohusika hawana muda wa kwenda ofisini. Tunaomba yafike kabla ya tarehe 15 Aprili, mwezi mmoja kabla ya tarehe ambayo ziwa lilifungwa mwaka 2024, ili kila kaya ijue itakula nini.



Wavuvi, waanikaji wa dagaa na wakulima wa Kirando